Punje za Njiwa, Karamu ya Kunguru: Kuilinda Riziki ya Ndege Uani



Katika nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Vanga hadi Lamu, ua si mahali pa kuanikia nguo na kufulia tu. Ni mahali pa riziki. Hapo ndipo mama anapofuga kuku wake wa kienyeji, ambao mayai yao huwa kitoweo cha watoto na akiba ya siku ya dhiki. Hapo ndipo kijana anapojengea matundu ya njiwa, na bibi anapotawanya chenga za mchele asubuhi na kuweka bakuli la maji kwa ajili ya ndege wa Mwenyezi Mungu: hua, pugi, shomoro, mnana na chiriku. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu apandapo mti au mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, basi hilo huwa sadaka kwake. Na ni katika hadithi vilevile kwamba kumtendea wema kila chenye uhai kuna ujira.

Lakini mwenye kutawanya punje huwa ana nia, na si kila mlaji ndiye aliyenuiwa. Punje hazijatua vyema chini, kunguru wawili wameshashuka, na nyuma yao kumi. Hua hurukia ukutani akatazama kwa mbali. Kuku aliyeangua vifaranga kumi hujikuta wiki ya tatu na vifaranga vitatu. Katika mitaa iliyo karibu na miti mikubwa, kama vile Nyali, Mtwapa, Kilifi na Diani, tumbili naye huja na wanawe, hufungua chombo cha chakula kama aliyekinunua yeye, na huondoka na mayai mkononi. Usiku ni zamu ya panya, nguchiro na paka shume.

Hasara hii si ndogo kwa mwenye kipato kidogo. Vifaranga saba vilivyopotea ni kuku saba ambao hawatakuwapo sokoni wala jikoni. Tena kuna madhara mengine yasiyoonekana upesi: mtu aliyeudhika sana huenda dukani akanunua sumu, na sumu hiyo hukaa uani pale pale wanapocheza watoto. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, tujue tunashindana na nani, kisha tujue la kufanya.

Mgeni aliyeletwa kufagia

Kunguru anayetusumbua mijini si yule wa asili ya Afrika, mwenye kifua na shingo nyeupe, aliyewapa wazee wetu methali ya kwamba kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake. Huyu wa sasa ni mwembamba zaidi, ana uso mweusi na shingo ya kijivu, na asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani zake. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa makusudi ya kusafisha taka za mji. Wakubwa wa wakati ule waliona kwamba ndege alaye mizoga na makombo atawapunguzia kazi ya kufagia. Kufikia miaka ya 1940 ndege huyo alikuwa ameonekana Mombasa, bandarini, na kutoka hapo akaenea pwani nzima, kaskazini hadi Malindi na kuendelea, na bara hadi Voi.

Hakufanya kazi aliyoletewa. Taka hazikwisha, bali yeye ndiye aliyezidi kwa sababu ya taka. Zaidi ya hayo alianza kula mayai na makinda ya ndege wa asili, akararua viota vya mnana, na kuwafukuza ndege wadogo kutoka katika miji. Wazee wa Mombasa wanaokumbuka bustani zilizojaa sauti za ndege mbalimbali wanaweza kushuhudia tofauti iliyopo leo. Mwaka 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru hawa kwa idadi ya milioni 1, kwa kutumia sumu maalumu inayoshikwa na wenye kibali pekee.

Habari hii ina funzo kwa kila mwenye nyumba. Kunguru huyu hakai porini mbali na watu. Maisha yake yote ameyafunga na maisha yetu: mahali palipo na jaa, machinjio, soko la samaki au pipa lisilofunikwa, hapo ndipo penye makao yake. Yeye ni kama mtumishi aliyekodiwa na watu waliochoka kufagia, kisha akawa mwenye nyumba. Kila tunapoacha matumbo ya samaki wazi nyuma ya jiko, tunamwandikia mkataba mpya.

Akili waliyojaaliwa

Mwenye kutaka kumzuia mnyama mwerevu sharti kwanza aukubali werevu wake. Jamii ya kunguru ni miongoni mwa ndege wenye akili nyingi. Katika mji wa Seattle, Marekani, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, John Marzluff, pamoja na wenzake walivaa kinyago cha namna moja walipokuwa wakiwakamata kunguru wa huko na kuwatia pete miguuni, kisha wakawaachilia. Kwa miaka iliyofuata, kila aliyepita na kinyago kile alizomewa na kunguru, hata na wale ambao hawakuwahi kukamatwa, ilhali aliyepita bila kinyago hakusumbuliwa. Walikuwa wameushika uso na wakafundishana. Kunguru wetu ni wa jamii hiyo hiyo, na yeyote aliyewahi kubomoa kiota chake anajua jinsi anavyoweza kufuatwa na kupigiwa kelele kila atokapo mlangoni.

Tumbili naye ana elimu yake. Mwaka 2013, Erica van de Waal na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Afrika Kusini, ambapo makundi ya tumbili yalipewa mahindi ya rangi mbili, waridi na buluu, moja ya rangi hizo ikiwa imetiwa uchungu. Wakubwa walijifunza kuiepuka rangi chungu. Baadaye uchungu ukaondolewa, lakini watoto waliozaliwa waliendelea kula rangi ile ile waliyoona mama zao wakila. Hata madume waliohamia kutoka makundi mengine walifuata desturi ya wenyeji. Maana yake kwetu ni hii: ua unaomlisha tumbili mmoja mama leo, umeshafunza kizazi kizima njia ya kuja.

Ndiyo sababu vitisho vya kawaida havidumu. Sanamu iliyovishwa kanzu kuukuu, mifuko ya plastiki inayopepea na vioo vinavyometameta huwashtua kwa siku chache tu. Wakishaona kwamba sanamu haisogei, kunguru hutua juu ya kichwa chake. Wakulima wetu wa mpunga walilijua jambo hili zamani. Hawakutegemea sanamu peke yake, bali walijenga dungu, wakakaa juu yake na kuamia kwa zamu, kwa sauti na kwa teo. Kilichowafukuza ndege ni mtu aliye macho, na mtu hawezi kukaa macho uani mchana kutwa. Basi hatuna budi kuufanya ua wenyewe uwe mlinzi.

Kwanza ondoa kinachowaita

Kazi ya kwanza haihitaji fedha. Mnyama mwerevu hupiga hesabu ya faida na hatari, na faida ikikosekana huenda kwingine.

Chakula cha kuku kisimwagwe ovyo chini mchana kutwa. Walishwe mara mbili, asubuhi baada ya swala ya alfajiri na jioni baada ya alasiri, ndani ya banda, kwa kiasi watakachokimaliza kwa robo saa hivi. Kinachobaki kiondolewe. Magunia ya pumba na chakula cha kuku yahifadhiwe katika debe au pipa lenye kifuniko kinachobana, kwa kuwa panya hutoboa gunia na ndoo nyembamba ya plastiki, na tumbili hufungua kifuniko kisichofungwa. Kifuniko kikazwe kwa waya au kwa kitasa, si kwa jiwe juu yake, maana jiwe hulisukuma.

Mayai yaokotwe mara mbili au tatu kwa siku. Yai lililolala wazi siku nzima ni tangazo. Kunguru aliyepata yai leo atarudi kesho saa ile ile.

Makombo ya jikoni, na hasa matumbo na magamba ya samaki, yazikwe au yafungwe vyema hadi siku ya kuchukuliwa taka. Hapa bibi zetu walitutangulia. Walikuwa na kawa la kufunikia sinia na susu ya kuning'iniza chakula darini, ili paka, panya na sisimizi wasikifikie. Kanuni ya susu na kawa ndiyo ile ile tunayoihitaji uani: chakula kifunikwe, au kiinuliwe, au vyote viwili.

Banda, tenga na wavu

Vifaranga huhitaji ulinzi zaidi katika miezi miwili ya mwanzo. Baada ya hapo huwa wakubwa kiasi cha kumshinda kunguru kuwabeba, ingawa mwewe bado ni hatari. Siku za mwanzo, kuku na wanawe wawekwe chini ya tenga kubwa lililopinduliwa, lenye jiwe juu yake, au ndani ya banda lililofungwa. Kumwachilia kuku na vifaranga vya siku tatu wazururе mtaani ni kuwatuma sokoni bila mlinzi.

Anayejenga banda azingatie mambo matatu. Jambo la kwanza ni ukubwa wa matundu ya wavu. Wavu wa kawaida wa kuku, wenye matundu mapana, humzuia kuku asitoke lakini haumzuii panya kuingia, wala haumzuii kunguru kupenyeza mdomo na kumvuta kifaranga aliyelala karibu. Sehemu ya chini ya banda, hadi kimo cha goti au zaidi, izungushiwe waya wa matundu ya nusu inchi. Sehemu ya juu yaweza kuwa na wavu wa kawaida.

Jambo la pili ni msingi. Nguchiro na panya huchimba. Waya uzamishwe ardhini kiasi cha sentimita 30, au ukunjwe kwa nje na kulazwa chini kwa upana huo huo na kufunikwa kwa mchanga na mawe. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi, na akikuta waya huacha.

Jambo la tatu ni mlango. Tumbili ana vidole kama vya mtu. Komeo la kusukuma tu halimshindi. Tumia komeo linalohitaji kuinuliwa kisha kuvutwa, au kufuli ndogo. Na sehemu ya kutagia iwe ndani kabisa ya banda, mahali penye kivuli na mlango mdogo. Kuku hupenda giza anapotaga, na kunguru huchelea kuingia mahali finyu asipoweza kuona njia ya kutokea.

Asiyekuwa na uwezo wa kuezeka ua mzima anaweza kutumia mishipi ya kuvulia. Itandazwe juu ya ua kutoka ukuta hadi ukuta, kwa nafasi ya sentimita 30 hivi kati ya mmoja na mwingine, na kila mmoja ufungwe vipande vya kitambaa cheupe ili uonekane. Kunguru huogopa kugonga mbawa zake anaposhuka na anaporuka kwa haraka. Nyavu kuukuu za wavuvi pia hufaa, mradi zivutwe zikakaza kabisa na zitazamwe kila siku. Wavu uliolegea hunasa njiwa na popo, na kiumbe aliyenaswa akaachwa kufa kwa kiu ni mzigo juu ya mwenye wavu.

Sahani ya ndege wadogo

Sasa tuje kwa sadaka ya ndege wa Mwenyezi Mungu. Je, tuiache kwa sababu kunguru huila? La. Tuipange tu vizuri.

Ndege wadogo kama shomoro, mnana na chiriku wanaweza kutengenezewa kizimba cha waya chenye matundu ya sentimita 4 hivi, na sahani ya punje ikawekwa ndani, katikati, mbali na kingo kwa kiasi ambacho mdomo wa kunguru hauifikii. Ndege mdogo huingia na kutoka. Kunguru hubaki nje akizunguka. Kizimba hicho kining'inizwe kwa waya mwembamba, au kiwekwe juu ya nguzo laini ya chuma yenye kimo cha mita 1.5 au zaidi. Chini ya kizimba, nguzo ivishwe kipande cha bati kilichokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, ili panya apandaye akwame chini yake. Nguzo iwe mbali na ukuta, tawi au paa kwa mita 3 angalau, vinginevyo mnyama hatapanda nguzo, ataruka.

Hua, pugi na njiwa hawataingia katika kizimba hicho kwa kuwa ni wakubwa, na desturi yao ni kuokota chini. Hao wapewe punje chache kwa wakati mmoja maalumu, nawe ukiwa umesimama karibu. Dakika kumi zatosha. Njiwa na hua hukuzoea upesi, bali kunguru akikuona umesimama hukaa mbali. Ukiondoka, ondoka na sahani.

Wengi wameuliza kuhusu pilipili. Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama tunavyousikia sisi na wanyama wengine wanyonyeshao. Yeyote mwenye mpilipili kichaa uani ameshawaona ndege wakila matunda yake bila kujali, na wao ndio wasambazao mbegu zake. Basi punje zilizochanganywa na mafuta kidogo na pilipili ya unga humkera panya na tumbili, wala hazimdhuru kuku au shomoro. Ila tujue mpaka wa dawa hii: kunguru naye ni ndege, kwa hiyo pilipili haimzuii hata kidogo. Na anayechanganya afunike mkono wake na aiweke mbali na watoto, kwa kuwa unga wake ukiingia machoni huumiza sana.

Ama bakuli la maji, ambalo lina thawabu kubwa katika miezi ya joto la kaskazi, maji yake yabadilishwe kila siku na bakuli lisuguliwe. Mbu aenezaye homa ya dengi huzaa katika maji safi yaliyotuama ndani ya vyombo vya nyumbani, na mayai yake huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Wema kwa ndege usiwe maradhi kwa jirani.

Tumbili na watoto

Tumbili anahitaji tahadhari ya peke yake. Kwanza, yeye si mgeni. Ni kiumbe wa asili wa nchi hii, na ni sisi tuliojenga mahali alipokuwa akiishi. Pili, sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda, na si ruhusa mtu kumuua au kumtega kwa hiari yake. Anayesumbuliwa kupita kiasi apeleke malalamiko kwa ofisi ya KWS iliyo karibu naye. Diani, lipo pia shirika la kuhifadhi mbega, ambalo tangu mwaka 1997 limekuwa likishughulika na nyani, mbega, kima na tumbili wa eneo hilo, na limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili wanyama hao wavuke bila kugongwa na magari.

Ni malalamiko ya kawaida ya akina mama kwamba tumbili humkimbia mwanamume lakini humkodolea macho mwanamke na mtoto. Dawa yake si kukimbia. Simama wima, usimtazame machoni kwa muda mrefu, gonga sufuria au piga maji kwa mpira, nawe urudi nyuma polepole ukiwa unamwelekea. Usimpokonye alichokwisha kukishika. Watoto wafunzwe kutompa ndizi wala biskuti hata kwa mchezo, na wasitoke nje na chakula mkononi anapokuwepo. Mnyama aliyelishwa kwa mkono huuona kila mkono kuwa ni sahani.

Akimwuma au kumparura mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku ile ile, kwa kuwa kichaa cha mbwa huweza kuambukizwa kwa mate ya mnyama mwenye maradhi hayo. Kulipaka jeraha unga au majani na kungoja ni hatari kubwa.

Sumu, moto na ulimbo

Tumefika penye mtihani wa nafsi. Mtu aliyepoteza vifaranga wake wote huwa na ghadhabu, na ghadhabu hutafuta njia fupi. Wapo wanaotia dawa za kuulia wadudu wa shambani ndani ya nyama au wali na kuuacha uani. Matokeo yake si kufa kwa kunguru peke yake. Paka wa jirani hula, kuku hudonoa, mwewe na ndege wengine walao mizoga hula aliyekufa nao wakafa. Mtoto atambaaye huokota kila kitu na kukitia kinywani. Na kuku aliyekula sumu bila mwenyewe kujua huweza kuchinjwa kesho na kuwekwa mbele ya familia. Hakuna kifaranga chenye thamani ya hatari hiyo. Sumu iachiwe wenye mafunzo na kibali.

Ni kweli kwamba imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba kunguru ametajwa miongoni mwa wanyama watano wenye madhara ambao inaruhusiwa kuwaua hata katika eneo takatifu. Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume (S.A.W.) huyo huyo ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, akakataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya mchezo, na akakataza kuadhibu kwa moto. Basi kuchoma kiota chenye makinda, kumfunga kunguru mguu watoto wakampiga mawe, au kumnasa kwa ulimbo akapapatika hadi jioni, si katika mafunzo yetu. Mwenye kutaka kuwapunguza abomoe viota vinapojengwa tu, kabla ya kutagwa mayai, na arudie kila vinapojengwa upya. Kwa masuala ya hukumu yaliyo mazito zaidi, tuwaulize masheikh wetu.

Ua mmoja hautoshi

Mwenye kusafisha ua wake peke yake, hali jirani yake ametupa matumbo ya samaki ukutani, atakuwa amemhamisha kunguru kwa hatua kumi. Jambo hili ni la mtaa. Kanuni ya dini yetu ni kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na taka yangu inayomlisha mnyama anayekula vifaranga vyako ni dhara nililokutia.

Akina mama wa mtaa mmoja wanaweza kukubaliana mambo manne mepesi: taka zitolewe asubuhi ya siku ya kuchukuliwa, si usiku wa kuamkia; kila pipa liwe na kifuniko; matumbo ya samaki na kuku yazikwe; na hakuna atakayemlisha tumbili. Mitaa iliyo karibu na machinjio na masoko iwaombe viongozi wake vyombo vya taka vyenye vifuniko na uzoaji wa kila siku, kwa kuwa humo ndimo wanamoshiba kunguru kwa mamia.

Jambo hili lina uzito zaidi katika Idi ya Kuchinja. Siku hiyo damu, kwato na matumbo hujaa katika nyua zetu kwa saa chache. Familia inayochinja ichimbe shimo kabla ya siku yenyewe, lenye kina cha kutosha hata mbwa asilifukue, na mabaki yote yafukiwe kabla ya adhuhuri. Ibada ya udhiya haikamiliki kwa uzuri wake ikiwa harufu yake itabaki mtaani siku tatu na mawingu ya kunguru juu yake.

Tena tukumbuke kwamba Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Maida, inatusimulia jinsi Mwenyezi Mungu alivyomleta kunguru akichimbua ardhi, ili kumwonyesha mwana wa Adam namna ya kusitiri maiti ya ndugu yake. Ndege tunayemlaumu kwa kufukua taka zetu ndiye aliyetumwa kumfunza mwanadamu kuzika. Inatupasa aibu kidogo kwamba hadi leo tunaviacha juu ya ardhi vile vinavyostahiki kuwa chini yake.

Tuanze basi na lililo mikononi mwetu. Wiki hii funika pipa, okota mayai kabla ya adhuhuri, tafuta tenga la vifaranga. Wiki ijayo zungumza na jirani wa kulia na wa kushoto. Mwezi ujao, ukijaaliwa, mwite fundi atie waya wa nusu inchi chini ya banda. Hua hawatachelewa kuujua ua uliotulia.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, na azipokee sadaka zetu kwa viumbe vyake vidogo na vikubwa. Wabillahi tawfiq.